Kigoda cha Kwanza cha Ngiri

Bisha ukitaka, lakini Ngiri fundi alimkalisha Tembo kwenye kigoda na kigoda hakikuguna.

Tembo aliagiza vigoda vya ukoo mzima. Ngiri akataka kuchonga miguu yote kwanza, aunge mwishoni. Kanga, msaidizi wake, akamzuia.

"Kaka, maliza kimoja tukijaribu."

"Utanichelewesha, dada. Tembo akikasirika atakanyaga karakana."

"Akianguka je?"

Ngiri akanuna, akaunga kimoja, akakikalia kwa mbwembwe. Miguu ikavunjika, ilikuwa myembamba mno. Akachonga minene, akamaliza kigoda kimoja kimoja, kila kimoja akikikalia.

Tembo akaketi, kigoda kisigune. Kisha akatabasamu, na Ngiri akashusha pumzi.

Tangu siku hiyo Ngiri akawa akimsimulia kila mteja jinsi alivyomkalisha Tembo.

"Mbona wateja huwaambii ulivyoanguka?" Kanga akauliza.

"Hapo huwa naparuka, dada. Na wewe uliyenizuia nakuruka pia."