Mrehani wa Makame

Kwa miaka tisa, kila Ijumaa asubuhi, Bi Chausiku alimwagilia mrehani kwenye kaburi moja la askari asiyejulikana. Alilichagua mwenyewe kati ya makaburi sitini, akaandika kwenye kibao chake jina la mwanawe Makame, ambaye hakurudi vitani.

Juzi Makame alirudi. Amekonda, anachechemea, lakini mzima.

Ijumaa hii walikwenda pamoja. Makame alilisoma jina lake pale kaburini.

"Mama, sasa pumzika. Mimi nipo."

"Najua upo. Si umemaliza uji wote?" Bi Chausiku alitoa kisu, akalikwangua jina taratibu mpaka kibao kikabaki cheupe. "Lakini huyu kanishikia jina lako miaka tisa. Leo nimemnyang'anya, nimnyime na maji?"

Akampa kata. Makame akapiga goti lake zima, akamwaga maji kidogo kidogo, na harufu ya mrehani ikapanda. Kisha akatazama kaburi la pili, lililokauka.

"Na huyu je, nani anammwagilia?"

Bi Chausiku alikuwa ameshakata tawi la kupanda.