Mshiko wa Tatu

Aminieli alipapasa mifuko ya koti mara ya tatu. Kitabu chake cha nyimbo hakimo. Sasa alikumbuka alikokisahau: mezani kwa Mzee Aikaeli, mzee wa usharika na baba wa mchumba wake, Lydia.

Nyimbo hazikuwa na neno. Balaa lilikuwa pambizoni. Miezi minne sasa, kila Jumamosi, mwalimu huyu wa kwaya aliaga kwao mlimani kwamba anashuka mjini kununua chumvi, kumbe yuko mtaa wa Ngarenaro kwa Jamaldini, mpiga dansi, anajifunza gitaa la jazi. Chumvi ilikwisha jaa debe zima. Jamaldini hakujua nota hata moja. Alifundisha kwa vidole tu. Aminieli naye, mtoto wa kanisa, hakikumwingia kitu mpaka akiandike kwa do-re-mi. Basi kila mshiko wa gitaa, yaani sauti za nyuzi zinazobanwa pamoja, akaunakili kwa penseli kando ya nyimbo za Bwana, hata chini ya wimbo wa Ijumaa Kuu.

Mshiko mmoja tu ulimtoa kijasho, wa tatu katika wimbo wa kufungia dansi. Kila akiupiga, gitaa linanuna.

"Hata mimi unanishinda, bwana mwalimu," Jamaldini alikiri. "Aliyekuwa ananifundisha alioa, akaacha muziki kabla hatujaumaliza. Gitaa lenyewe hili ni lake, hajalifuata mpaka leo."

Sasa Mzee Aikaeli na dansi walikuwa paka na panya. Mwaka ule Malkia alipovikwa taji, vijana wawili wa usharika walionekana wakicheza dansi mjini Arusha. Kwa neno la Mzee walikaa miezi sita bila kuikaribia Meza ya Bwana. Na tangazo la kwanza la ndoa ya Aminieli lilikuwa lisomwe kesho yake, Jumapili, na msomaji ni Mzee mwenyewe.

Asubuhi Lydia alimngojea mlangoni pa kanisa, uso umemsawijika.

"Baba ameshinda na kitabu chako jana. Penseli mkononi."

"Amesema nini?"

"Hasemi. Anagonga meza kwa vidole tu."

Aminieli alimpenda Lydia kuliko gitaa, na ndiyo kwanza alijua hivyo. Mzee akatokea, karatasi ya matangazo kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akamkabidhi kitabu bila kutabasamu, akaingia ndani.

Aminieli alikifungua. Chini ya wimbo wa Ijumaa Kuu, herufi zake mbili zilikuwa zimekatwa mstari. Pembeni, kwa mwandiko anaoujua kwenye barua zote za usharika, paliandikwa:

"Mshiko wa tatu: si fa, ni fi, nusu sauti juu yake. Na umwambie Jamaldini gitaa langu nalitaka kabla ya harusi."