Utafiti wa Nimo

Bi Timiro alirudisha chai. Kikombe kilirudi jikoni kimejaa vilevile kilivyotoka, na iliki yake na maziwa yake ya ngamia, na Nimo akabaki amekishika, haamini macho yake. Mama mkwe huyu, tangu aje kutoka Habaswein, alikuwa akimaliza birika zima kabla watu hawajaamka vizuri.

"Hooyo, mama yangu, imekosa nini?"

"Haina kosa, mama. Tumbo tu leo halitaki wageni."

Haya. Nimo aliimwaga chai, akarudi kwenye simu yake. Alikuwa na utafiti.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa peptidi, zile sindano za kupunguza mwili. Tangu amwachishe Hani ziwa, mwili wa Nimo uliamua kunenepa bila kushauriana na mwenyewe. Akitembea kutoka nyumbani hadi duka lake la madera pale Iftin, alifika akihema, na wateja wakangoja apate pumzi ndipo waulize bei. Rafiki yake Leyla alikwenda Nairobi na mwili wa watu wawili, akarudi na wa mtu mmoja. "Sindano ya tumboni tu, walahi, mara moja kwa wiki!" Basi Nimo akaagiza. Vichupa vikaja na basi, vimeviringishwa ndani ya mzigo wa madera, akavificha kwenye friji nyuma ya maziwa ya ngamia.

Kuficha ni maneno tu. Nyumba yenye mama mkwe haina friji yenye siri.

Siku ileile vilipofika, kabla chai haijaanza kurudishwa, Bi Timiro alikitoa kichupa kimoja, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Huu unga unachanganywa na maji?"

"Ndiyo, Hooyo."

"Kiasi gani?"

Nimo akamsomea kwenye simu.

"Na sindano inaingia wapi?"

"Tumboni, kwenye mafuta."

"Mbuzi tunampiga shingoni," alisema Bi Timiro.

Nimo alicheka kwa adabu, lakini ilimuuma. Kwa Bi Timiro, mke mnene ni sifa ya nyumba. Kila akimsalimu Nimo alimbonyeza mkono wa juu na kusema maashallah. Sasa amepata la kumkejeli.

"Dawa ngeni ikifika malishoni," mama mkwe aliendelea, "hatuchanji kundi lote. Tunachagua mmoja, tunamdunga, tunamtazama."

"Mimi si ngamia, Hooyo."

"Naa, nani amekuita ngamia?" Akaomba aongezewe sukari kwenye chai yake.

Hata hivyo Nimo hakuwa mtu wa kujidunga kitu kwa sababu Leyla kasema. Alisoma. Alitazama madaktari wa mtandaoni wakibishana, akatazama na wasio madaktari, ambao ndio waliokuwa na uhakika zaidi. Alimuuliza muuguzi mmoja mteja wake, naye akamwambia waziwazi kwamba kichupa kisicho na kibali hajui kina nini ndani, na anayesema anajua anabahatisha. Nimo akaogopa. Alitaka wembamba, na alitaka pia kuwaona watoto wake wakikua, na hakujua vile vichupa vingempa kipi. Kila siku alifungua friji, akavitazama, akafunga.

Na juu ya hayo yote, mgonjwa ndani ya nyumba. Baada ya chai ilirudi mikate ya anjera. Kisha ikaja nyama ya ngamia yenye mafuta ya nundu, ile ambayo Bi Timiro huigombania na wajukuu; hiyo alimpa paka. Alitapika asubuhi, akashinda amelala na kitambaa kichwani, na hospitali hakutaka kuisikia. "Ni maji yenu ya Garissa haya," alisema, akageukia ukutani.

Abdilatif, mume wa Nimo, alipiga simu kutoka Takaba alikokwenda kununua mifugo.

"Mama yangu ana nini?"

"Amekataa chai."

"Amekataa chai? Subhanallah! Nauza hawa niliokwisha nunua, nakuja."

Nimo aliweka utafiti pembeni. Alimpikia mama mkwe supu, akamfulia, akamshika mkono kumpeleka msalani, na kwa mara ya kwanza akahofia kwamba huenda mwanamke yule akafa kabla hawajapatana. Bi Timiro alipoweza kusimama tena, gauni lake la baati lilimteleza begani. Nimo alimfungia fundo. Alimwona alivyopungua, akaona wivu kidogo, akamwomba Mungu msamaha papo hapo.

Jumamosi watoto walipokwenda duksi na vitabu vyao vya Kurani, Nimo aliamua. Kusoma kumetosha. Alinawa mikono, akasema bismillahi, akafungua friji na kuyasogeza maziwa.

Vichupa vyote vilikuwapo. Kimoja tu, cha nyuma kabisa, kilikuwa kimebanduliwa kifuniko, na unga wake umekwisha kuchanganywa na maji, yamebaki nusu.

Nyuma yake mtu alivuta funda refu la chai.

"Funga friji, mama," alisema Bi Timiro. "Hiyo dawa haifai."

"Hooyo! Umefanya nini?"

Bi Timiro alinyoosha kikombe aongezewe.

"Nilikwambia tunachagua mmoja. Wewe na utafiti wako wote hukuuliza ni yupi." Akalivuta baati lake begani. "Ni yule mzee, asiyezaa wala kukamwa. Mwenye ndama anangoja."