Kahawa ya Mwonjaji

Makisio sahihi: asilimia tisini na tisa. Ferista aliitazama namba hiyo kwenye kompyuta, na badala ya kufurahi, akaitilia shaka. Namba nzuri kupita kiasi ina jambo.

Chembe ya nuru ukiipima, unaiharibu. Ndiyo maana alikuwa ameifundisha kompyuta kukisia hali ya chembe kabla haijapimwa, kwa kutumia maelfu ya vipimo vya chembe zilizofanana. Saa nane msimamizi wake wa chuo angeyasoma matokeo hayo mbele ya wageni. Sasa ilikuwa saa saba na nusu.

Akatoka uani kupunga upepo. Mama yake alikuwa akifungua gunia jipya la kahawa ya kuchambua. Kabla ya yote alichota viganja viwili, akavifunga kwenye kitambaa, akaweka kando.

"Mbona hiyo huichambui, mama?"

"Hii ya mwonjaji, anayepima ubora wa gunia zima. Nikiichambua kwanza, mwanangu, ataonja mikono yangu, siyo kahawa."

Ferista alirudi ndani mbio. Akaisoma programu yake mstari kwa mstari, kidole kikifuata juu ya kioo, mpaka akaukuta mstari wenye kosa. Vipimo vya kuijaribia kompyuta vilikuwamo humohumo kwenye vya kuifundishia. Kompyuta haikuwa imekisia chochote. Ilikuwa inakumbuka majibu.

Simu ikaita.

"Ferista, wageni wamewahi, tunaanza sasa hivi," alisema msimamizi. "Kuna la kuongeza?"

Huko nje kahawa mbovu zilikuwa zikidondoka kwenye beseni, moja moja.



"Lipo, Dokta. Namba ile msiisome."