Ndoo ya Mwisho

"Na mtu akichoka na mumewe humo ndani, atakimbilia wapi?" jirani aliwahi kumuuliza Mbonea, mumewe alipogeuza basi kuukuu kuwa nyumba ya kusafiria.

Mjukuu wao anabatizwa kesho, lakini tangu asubuhi mume huyo, Elinami, ameliegesha basi kwenye mji huu ulioishiwa dhahabu zamani, ambako wageni huuziwa mchanga kwa ndoo wauoshe wenyewe. Amemwaga hata maharage ili apate sufuria ya kuoshea.

"Chembe moja tu, mama, nimpelekee mtoto! Ndoo hii ndiyo ya mwisho," Elinami alimsihi mkewe.

"Hata ile ya asubuhi ulisema ya mwisho, baba."

Mbonea alilikunja gauni jeupe la ubatizo, akalitia kapuni, akampita mumewe aliyechuchumaa mlangoni, akashika njia ya stendi. Nyuma yake, mchanga ukaacha kuchakacha sufuriani.