Shairi Juu ya Jeneza

Kwa desturi ya Boston ya zamani, Mehitabel alilibana kwa pini shairi la maombolezo alilolitunga mwenyewe kwenye kitambaa kilichofunika jeneza la bintiye. Hakuwa na nakala nyingine. Pale kaburini mchungaji alilisoma, akafuta machozi.

"Nani kalitunga?"

"Mimi," mumewe akawahi kujibu. Ikijulikana mkewe ni mtunzi, watu wangewasengenya.

"Mungu kakujalia, ndugu yangu! Kesho nalipeleka kwa mpiga chapa, litoke kwa jina lako."

Mehitabel akaichomoa karatasi. Pini ikamdunga, damu ikadondokea jina la mtoto.

"Mke wangu, watu wanatutazama," mumewe akanong'ona.

"Si lako? Haya, wasomee bila karatasi."

Mume akatazama viatu vyake.

Mehitabel akaiachia karatasi itumbukie kaburini, imtangulie bintiye.