Nesi Asiyesalimia

Safari hii Somoe alisimama katikati ya njia kabisa, ndoo ya maji kichwani, ili nesi asipate pa kupita bila kusema neno.

Nesi Atuganile akaja na sare yake nyeupe. Alipomfikia akashuka mtaroni, akampita, akapanda tena njiani. Viatu vyeupe vilijaa tope, na hata "hujambo" haikumtoka.

"Mmeona?" Somoe aliwauliza wanawake waliokuwa bombani. "Bora akanyage mtaro kuliko kunisalimia mie!"

Waliona. Mtaa ule wa Manzese ulikuwa umeona siku nyingi. Tangu ahamie chumba cha uani kwa Mzee Pazi, Atuganile hakuwahi kumsalimia mtu mzima njiani. Watoto aliwasalimia. Bibi Mwanahawa, kikongwe kipofu asiyetoka kitandani, alimwendea kila jioni akamwamkia kwa heshima zote. Hilo ndilo lililomuudhi Somoe zaidi: mtu anajua kuamkia, halafu anachagua.

"Ni Ukristo huo," alisema. "Walishikwa mkono na wamisheni, wakapewa kalamu, wakapewa na kazi. Sie tuliobaki na juzuu zetu wanatuona takataka. Akipita utadhani ananusa kitu."

"Hata mie Mkristo mwenzake hanisalimii," alisema Anselmo, mchonga vinyago, kutoka kibarazani kwake.

"Wewe Mkristo wa Kusini, kwao huhesabiwi."

Anselmo akacheka kidogo, akarudi kwenye patasi yake.

Mumewe Somoe hakucheka kabisa. Hija alikuwa dereva wa lori, na tangu arudi safari ya Lindi alikuwa akichomwa sindano za malaria. Somoe alipofika nyumbani akiwa bado anafoka, alimkuta amekaa upande upande kwenye kibao.

"Mwache mama wa watu," Hija alisema. "Salamu zake tutazila?"

"Unamtetea?"

"Simtetei."

"Basi mbona kila akipita unatazama chini?"

Hija akatazama chini.

Somoe hakulipenda hilo hata kidogo. Akatoka, moja kwa moja hadi kwa Mzee Pazi, ambaye alikuwa mwenye nyumba ya nesi na balozi wa nyumba kumi pia, akadai kikao. Chama kinasema sote ndugu, alimwambia. Huyu ndugu yake ni nani? Asalimie watu au ahame. Mzee Pazi akasema mgongo unamsumbua. Akasema pia kuna mambo ya shamba la ujamaa hayajaisha. Somoe hakubanduka mlangoni mpaka akakubaliwa.

Kikao kikawa Jumapili alasiri, uani kwa balozi. Watu walijaa, wake kwa waume. Atuganile alitoka chumbani kwake, akakaa juu ya debe lililopinduliwa, bila shikamoo kwa yeyote, hata kwa balozi mwenyewe. Watu wakaguna. Balozi hakuguna.

"Chumba hiki nimekihangaikia sana, mzee," alisema nesi. "Sina ndugu Dar es Salaam. Nikitolewa hapa sijui nitalala wapi."

"Basi salimia watu!" Somoe alikuwa ameshasimama. "Unatudharau kwa lipi? Kwa kuwa umesoma? Kwa kuwa hatuendi kanisani?"

"Siwadharau."

"Wanaodharau wote husema hivyo. Mzee, tupige kura. Anayetaka huyu amsalimie kila mtu anayemjua, kwa jina lake, kama binadamu, anyooshe mkono. Akikataa, afungashe."

Mikono ikanyooka ua mzima. Anselmo alitazama kushoto na kulia kwanza, kisha akanyoosha. Hija alifinywa na mkewe, akanyoosha nusu.

Atuganile aliwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine, kwa mara ya kwanza tangu ahamie. Alionekana mtu aliyechoka.

"Sawa," alisema. "Ila mjue kwanza kazi yangu, maana hakuna aliyewahi kuniuliza. Mie niko chumba cha mwisho kule hospitali, cha sindano za kisonono na kaswende. Kila anayekuja kwangu ana ombi moja: nesi, tukikutana mtaani, hunijui. Nikiwasalimia wengine na kuwaruka wao, mtawagundua. Ndiyo maana nikaamua nisimsalimie mtu mzima yeyote. Hapa mtaani sijawahi kutambulishwa kwa mtu. Ninaowajua kwa majina, nimewajulia kule." Akainuka. "Lakini nahitaji chumba, na mmeamua. Haya, nianze na nani?"



Mkono wa Anselmo ulishuka kwanza. Ukafuata wa mwenye genge, kisha wa mkewe. Mwalimu wa madarasa ya jioni ya watu wazima alijikuna kisogo kwa mkono wake, kana kwamba aliunyoosha kwa ajili hiyo tu. Mzee Pazi alikuwa akitafuta kitu kwenye mfuko wa kanzu na hakipati.

"Kura irudiwe," alisema, bila kumtazama mtu.

Mkono mmoja tu ulikuwa juu, wa Somoe, umenyooka sawasawa, mkono wa mtu asiye na cha kuficha. Aligeuka huku na huku kuwauliza wenzake wameingiwa na nini.

Hija akaushika ule mkono, akaushusha taratibu.